Pikipiki ya maji inapiga kelele bila kusonga, kisha inaishiwa nguvu: ni pampu au injini?

Msafiri wa Mbudya aliandika:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Nina pikipiki ya maji ya watu wawili niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Injini yake ni ya mipigo miwili, silinda mbili, kabureta mbili, ujazo wa sentimita 701 za ujazo. Huishusha majini Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, na safari yangu ya kawaida ni kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi, peke yangu au na abiria mmoja. Wakati wa kusi niliilaza miezi mitatu chini ya banda la makuti, na tangu nilipoirejesha kazini imekuwa kama chombo cha mtu mwingine.

Zamani bahari ikiwa shwari, simu ilinionyesha mwendo wa kilomita 70 kwa saa nikiwa peke yangu, na mshale wa mizunguko uligota kwenye 6,400 kwa dakika. Sasa nikivuta resi mpaka mwisho, injini hutoa mlio mwembamba na mshale hukimbilia karibu na 7,000, lakini mwendo hauzidi kilomita 50. Nikipakia abiria, pua hukaa juu na chombo hakitaki kulala juu ya maji. Baada ya dakika kumi hivi mambo hubadilika. Mlio unashuka, mshale unaanguka mpaka 4,800 na kubaki hapo, na injini inakohoa kana kwamba imekabwa koo. Nikizima na kusubiri kidogo huwaka vizuri, hukimbia dakika chache, kisha yale yale.

Fundi niliyempelekea kwanza alibadilisha plagi na kusafisha kabureta zote mbili, akaniambia kwamba kosa ni la petroli. Nilimlipa, nikarudi majini, hali ikawa ileile. Sasa anashauri tununue kisanduku cha umeme kinachopeleka cheche kwenye plagi, na bei yake inaninyima usingizi. Kabla sijazitoa fedha hizo, naomba mnisaidie kufahamu dalili hizi zinaelekea wapi.

Mzee wa Msasani alijibu:

Marahaba, kijana. Kisanduku hicho kiache kwanza dukani. Sisemi kwamba hakiwezi kufa, bali nasema ni kitu cha mwisho kushukiwa, hasa kwa mtu ambaye bado hajapima kitu chochote.

Ulichotueleza si ugonjwa mmoja, ni miwili, na mmoja unamficha mwenzake. Katika pikipiki ya maji hakuna gia wala klachi kati ya injini na pampu. Shafti inatoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye pangaboi, kwa hiyo injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pangaboi nalo linazunguka mara 6,000. Ndiyo maana ule mshale, ambao wengi huuona kama pambo, ndio unaoamua uanze kufungua wapi. Mizunguko ikipanda kupita kawaida na mwendo usiongezeke, injini ni nzima lakini pampu haiyashiki maji. Mizunguko ikianguka ukiwa umevuta resi mpaka mwisho, hapo injini yenyewe inanyimwa kitu: mafuta, hewa au cheche. Wewe unayo yote mawili, moja mwanzoni mwa safari na jingine baada ya dakika kumi.

Anza na pampu, kwa kuwa haikugharimu kitu kuitazama. Pandisha chombo kwenye trela, vua kamba ya usalama, toa na waya wa betri, kisha mulika tochi kupitia wavu wa chini na kupitia mdomo wa nyuma. Tafuta kamba, mfuko wa plastiki au mwani uliojisokota kwenye shafti. Tazama ncha za pangaboi kama zimeliwa. Halafu chukua fila, yale mabati membamba ya kupimia nafasi ndogo, upime nafasi kati ya kila ncha na pete inayolizunguka pangaboi. Kwenye pampu mpya nafasi hiyo kwa kawaida haizidi nusu milimita. Ikikaribia milimita moja, maji yanayosukumwa nyuma yanapata njia ya kurudi mbele, na msukumo unakwisha. Pia kagua pale pampu inapokutana na mwili wa chombo, maana sili ikiachia pampu hunywa hewa pamoja na maji, na pangaboi linalozunguka ndani ya mapovu halina linachosukuma.

Na niulize jambo moja: huwa unawashia wapi? Kunduchi maji ya bamvua yakipwa huacha mchanga mtupu kwa mwendo mrefu, na nimewaona vijana wakivuta resi maji yakiwa chini ya magoti. Pampu inataka angalau sentimita 60 za maji chini ya tumbo la chombo. Chini ya hapo unasaga mchanga.

Binti Kigamboni alijibu:

Naungana na mzee kuhusu mshale. Mimi ninakodisha vyombo vitatu upande wa pili wa Feri, na naomba niongeze mambo ambayo yamewahi kunipotezea siku.

La kwanza ni maji ndani ya tumbo la chombo. Lita 100 ni kilo 100, yaani umembeba abiria mnene bila kumtoza nauli. Fungua vizibo vya nyuma ukiwa kwenye trela na uone yanatoka kiasi gani.

La pili ni petroli ya kwenye dumu. Mimina kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga chini na utauona mstari kwa macho.

La tatu ndilo lililonitoa jasho zaidi. Bomba la moshi likipasuka au klampu yake ikilegea ndani ya tumbo, injini huanza kuvuta moshi wake yenyewe badala ya hewa safi. Chombo changu kimoja kilianza safari vizuri kila mara, na kadiri moshi ulivyojaa chini ya kiti ndivyo kilivyolegea. Nilikuja kugundua kwa masizi: klampu moja ilikuwa nyeusi upande mmoja tu, na mpira uliokuwa karibu nayo umekuwa mgumu kama kiatu kilichoanikwa. Angalia hapo kabla ya mambo makubwa.

Msafiri wa Mbudya aliandika:

Mzee wangu, dada yangu, nawashukuru. Jumamosi nimefanya mlivyoelekeza.

Tumboni hakukuwa na maji ya kutisha, labda lita tatu. Petroli niliyoiweka kwenye chupa haikujitenga. Viungo vya bomba la moshi ni vikavu, sikuona masizi.

Pampu ndiyo imenisikitisha. Nyuma ya wavu kulikuwa na uzi wa kuvulia wa nailoni, wa bluu, uliojizungusha kwenye shafti mara nyingi mpaka ukayeyuka na kushikamana kuwa kitu kimoja kama bangili. Nilitumia kisu na koleo karibu saa nzima kuutoa vipande vipande. Nilipolifungua pangaboi, ncha zake zilikuwa na mapengo madogo madogo kama meno ya msumeno uliochoka, na kwenye ile pete kuna mtaro ambao ukucha wangu unaingia. Fila imenipa milimita 1.1 upande mmoja na 0.9 upande wa pili. Kuhusu kuwashia maji yakiwa magotini, nakiri kosa. Abiria hawapendi kulowa nguo, nasi tunawafuata karibu na mchanga.

Swali langu sasa ni hili: pangaboi lichomelewe au ninunue jipya?

Mkerezaji wa Gerezani alijibu:

Kazi yangu ni kerezo, hapa mtaa wa Gerezani, na mapangaboi ya namna hii huja mezani kwangu. Pangaboi la chuma kisichoshika kutu linaweza kujazwa kwa kuchomelewa, kisha likakerezwa kurudi kwenye kipenyo chake, kwa masharti mawili. Kwanza, liwe limeliwa kwenye ncha tu, si kupasuka kwenye shina la bapa. Pili, baada ya kukerezwa lipimwe uzani kuzunguka mhimili wake, kwa sababu gramu chache zilizozidi upande mmoja, kwa mizunguko 6,000, zitatafuna beringi na sili za pampu kabla msimu haujaisha. Anayekuambia kwamba atalijaza na kulisawazisha kwa tupa akiwa amelishika mkononi, mshukuru na uondoke nalo.

Pete usiikarabati. Nunua mpya. Nimewahi kuletewa iliyojazwa gundi ngumu ya chuma. Ilidumu siku mbili, halafu gundi ikabanduka na kupita katikati ya bapa.

Mzee wa Msasani alijibu:

Ndugu yangu wa kerezo, hapo tunatofautiana kidogo. Pangaboi lililochomelewa huwa linarudi na kipenyo sahihi lakini si pembe sahihi, kwa kuwa ukingo wa mbele wa bapa ndio unaoyakata maji, na kuurudisha katika umbo lake kunahitaji jicho ambalo si kila mtu analo. Ukingo ukiwa butu, shinikizo la maji nyuma yake linashuka mpaka maji yanageuka mapovu ya mvuke hata bila joto, na mapovu hayo yakipasuka yanachimba chuma upya. Kama kijana anaweza kupata jipya au lililotumika lakini zima, mimi ningechukua hilo. Kama hawezi, basi aje kwako.

Mkerezaji wa Gerezani alijibu:

Sina ubishi na hilo, mzee. Ukingo wa mbele huwa naurudisha kwa kufuata bapa lililo zima zaidi, lakini kama yote matatu yameliwa sina cha kufuatisha.

Msafiri wa Mbudya aliandika:

Nimerudi, na sina hakika kama nimerudi na habari njema.

Nilipata pangaboi lililotumika lakini lenye ncha safi, na pete mpya. Fila sasa inasoma milimita 0.4 kuzunguka kote. Sili ya pampu nimeipaka silikoni ya baharini na kuiacha ikauke usiku kucha. Leo asubuhi nilipovuta resi chombo kiliruka kama kilivyokuwa kikiruka zamani, mshale ukagota kwenye 6,300, simu ikasoma kilomita 68. Nilikaribia kuimba. Lakini muda mfupi baadaye injini ikaanza kukohoa na kuanguka mpaka 4,500. Zamani nilipewa dakika kumi, leo sikupewa hata sita. Je, nimeharibu kitu nilipokuwa nikifunga pampu?

Mzee wa Msasani alijibu:

Hujaharibu kitu. Zamani pampu ilikuwa inateleza na injini inazunguka karibu bure. Sasa pampu inayashika maji, injini inabeba mzigo wake halali na inakunywa mafuta kama inavyopaswa. Kama kuna mahali njia ya mafuta imebanwa, upungufu lazima ujitokeze mapema zaidi. Kwangu mimi hizo dakika sita ni ushahidi.

Tazama tabia yenyewe: inakimbia vizuri, inafifia polepole, inapumzika, inarudi. Plagi mbovu haina ratiba kama hiyo. Chujio lililoziba hubana tangu mwanzo kila unapovuta resi mpaka mwisho. Kitu kinachohitaji dakika kadhaa ili kijijenge, kisha kikajitengua chenyewe chombo kikizimwa, mara nyingi ni ombwe ndani ya tangi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo hupita kwenye mpira mwembamba wenye vali ndogo ya njia moja, inayoruhusu hewa kuingia na kuzuia petroli isimwagike baharini chombo kikipinduka. Vali ikiganda kwa chumvi, au mpira ukiziba, tangi linajinyonya, na pampu ndogo ya kabureta, ambayo inaendeshwa na mapigo ya presha ya injini tu, haina nguvu ya kushindana na ombwe hilo.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Nenda na mwenzako mwenye boti, bahari ikiwa imelala, karibu na ufuko. Kimbia mpaka injini ianze kufifia, zima, kisha legeza kifuniko cha tangi polepole ukiwa umeinamisha sikio. Ukisikia tangi likivuta pumzi, umempata mwizi. Kifunge tena, washa, na uone kama nguvu zimerudi papo hapo bila kusubiri.

Ila nikuonye. Usiendelee kukimbia ikiwa katika hali hiyo. Injini ya mipigo miwili inayopata petroli kidogo kuliko hewa huchoma kwa joto kali mno, na joto hilo linaishia juu ya kichwa cha pistoni. Kila dakika uliyovuta resi ikiwa inakohoa inaweza kuwa imeandikwa humo ndani. Ukimaliza kipimo cha tangi, toa plagi uzitazame rangi, kisha upime kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda.

Binti Kigamboni alijibu:

Mzee, na ile swichi ya mafuta ya kuchagua kawaida au akiba? Kwenye chombo changu cha zamani iliganda katikati, ikawa inapitisha mafuta nusu.

Mzee wa Msasani alijibu:

Umesema kweli, dada, na pia mipira yenyewe ya mafuta. Pikipiki za maji za Sea-Doo za miaka ya 1990 zilikuwa na mipira ya kijivu ambayo ikizeeka huyeyuka kwa ndani na kutoa ute wa kijani unaoziba vichujio vidogo ndani ya kabureta. Wenye nazo huing'oa yote. Lakini swichi na mipira havipumziki vikapona. Tangi kwanza.

Msafiri wa Mbudya aliandika:

Tangi limevuta pumzi. Nililegeza kifuniko robo ya mzunguko na likatoa mlio mrefu, fyuuu, ambao hata mwenzangu aliyekuwa kwenye ngalawa, umbali wa hatua kumi, aliusikia. Nilifunga, nikawasha, na nguvu zikarudi hapo hapo.

Ufukweni nilifuata mpira wa hewa kutoka kwenye tangi. Vali niliitoa na kuipuliza kwa mdomo: upande mmoja hewa inapita, upande wa pili inakataa, kwa hiyo ni nzima. Kosa lilikuwa mbele yake, kwenye kitundu kinachotokea ubavuni mwa chombo. Kilikuwa kimejaa udongo mkavu. Nilipouchokoa kwa waya ukatoka mzima kama kizibo, na ndani yake kulikuwa na maganda ya nyigu. Miezi mitatu chini ya makuti, nyigu alijenga nyumba yake kwenye pua ya tangi langu, nami nikamlipa fundi asafishe kabureta.

Habari ambayo si njema ni hii. Plagi ya silinda ya nyuma ni ya kahawia, kama chai ya maziwa. Ya mbele ni nyeupe kama chaki. Kompresheni nimeipima plagi zote mbili zikiwa nje na resi ikiwa imefunguliwa yote: nyuma paundi 130 kwa inchi ya mraba, mbele 112. Nimerudia mara tatu. Mdogo wangu anasema chombo kinakimbia vizuri, niachane na namba. Wewe unasemaje, mzee?

Mzee wa Msasani alijibu:

Mdogo wako si yeye atakayekivuta kwa kamba kutoka Mbudya. Silinda mbili za injini moja zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi; wewe una paundi 18, ambazo ni karibu asilimia 14. Si kifo, lakini ile ya mbele imekwisha kuungua kidogo.

Usifungue slindahedi leo. Toa kwanza kikusanya moshi, kisha zungusha injini kwa mkono na uitazame pistoni ya mbele kupitia dirisha lake la moshi kwa tochi. Ukiona ukuta wake unang'aa na ringi zinarudi ukizibonyeza taratibu kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, huenda ringi zimeganda tu kwa kaboni. Ukiona mistari ya wima iliyokwaruza mpaka juu ya ringi, chombo kisirudi majini mpaka silinda ipimwe. Na kabureta ya mbele ifunguliwe tena, maana tangi lilizinyima silinda zote mbili kwa usawa, ilhali iliyoungua ni moja. Kuna kitu kilichoizidishia njaa ile ya mbele, na mimi ningeanza na chujio lake dogo la ndani, ambalo aliyesafisha kwa kupuliza tu kutoka nje hakulifikia.

Ukiwasha nchi kavu kujaribu, unganisha mpira wa maji kwa utaratibu wake: injini iwake kwanza, ndipo ufungulie maji, ukimaliza funga maji kwanza, ndipo uzime. Ukigeuza, maji yatarudi kupitia bomba la moshi mpaka kwenye silinda. Na acha kiti wazi dakika chache kabla ya kubonyeza kitufe, mvuke wa petroli utoke.

Msafiri wa Mbudya aliandika:

Nimetazama. Ukuta wa pistoni una mistari miwili ya wima upande wa moshi, myembamba, inayoishia chini ya ringi. Ukucha hauhisi kitu. Ringi ya juu inarudi, ya chini imeganda. Na chujio la kabureta ya mbele, mzee, lilikuwa limefunikwa nusu na unga mweupe wa chumvi na kutu ya alumini.

Nimelibadilisha chujio hilo na la pili yake, na kitundu cha hewa nimekivalisha kipande cha wavu wa mbu kilichofungwa kwa uzi. Abiria nimewarudishia nauli zao za wiki hii. Maji mafu yakiingia, silinda ya mbele nitaishusha kwa ajili ya ringi mpya, na nitaipeleka Gerezani ikapimwe kabla ya kuifunga.

Mkerezaji wa Gerezani alijibu:

Ilete pamoja na pistoni yake, usiilete tupu. Nafasi kati yao ndiyo ninayopima.